Seva ya Zamani na Migomba ya Kawetele

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Tukuyu, Mkuu wa Kituo alinionyesha seva yenye mfumo wa Linux uliokuwa tayari umepitwa na wakati. "Humu usibadilishe chochote," akasema. "Programu ya takwimu za mvua imo humu, na aliyeiandika alishaondoka na msimbo wake." Msimbo ni maandishi ya mtaalamu, kompaila huyageuza yawe programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watafiti kukompaili programu zao humo.

Vijana, adha hiyo hamuijui. Mtafiti analeta msimbo mpya, kompaila ya zamani haiuelewi. Unatafuta kompaila mpya, nayo inadai mfumo mpya. Unarudi ulipoanzia, na mtafiti amesimama nyuma ya kiti chako anakuona hujui kazi.

Mkuu wa kwanza akastaafu. Wa pili akaja na zulia jipya na televisheni ya ukutani. Nikamwomba mashine nyingine iwekwe kando, ya zamani iendelee na mvua zake. Akacheka. "Mama, si inawaka? Tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuja na mnyauko wa migomba. Atupele, mtafiti wetu wa magonjwa ya mimea, alikuwa na programu ya kuonyesha ugonjwa unaelekea kijiji gani. Tukajaribu kujenga kompaila mpya kutoka kwenye msimbo wa kompaila yenyewe, ikakwama katikati kwa sababu diski ilijaa. Tukaenda kwa Mkuu. "Subirini bajeti," akasema, macho kwenye taarifa ya habari.

Wiki zikapita. Nikafuta hiki, nikahamisha kile, hatimaye programu ikakubali. Ramani ikaonyesha ugonjwa unaelekea kijiji cha Kawetele. Tulipofika, watu walikuwa wanakata migomba iliyokwisha kunyauka na kuifukia. Mama mmoja mwenye panga akamtazama Atupele.

"Ndaga, asante, mwanangu," akasema. "Mmekuja kututangazia msiba wetu wenyewe?"

Atupele alilia ndani ya gari mpaka Tukuyu. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira.

Kwenye kikao Mkuu akasema mafundi ndio waliochelewesha. Nikasimama. "Mkuu, uliyechelewesha ni wewe. Zulia lako lilifika kwa wakati." Wiki hiyohiyo nikahamishiwa stoo kugawa mbolea, na huko ndiko nilikostaafia.

Siku ya kuniaga, Mkuu huyohuyo alinisifu mbele ya watu kuwa nilikuwa mvumilivu. Nikamkatiza: "Sikuvumilia. Nilinyimwa vifaa, kisha nikanyimwa kazi yangu." Shuka walilonipa nikaliacha mezani.

Sasa naishi Bulyaga, hapahapa Tukuyu. Watu wa kanisani wananiambia nisamehe, nipumzike. Lakini kila nikipita Kawetele naona mahindi yamepandwa palipokuwa na migomba ya watu, damu inanichemka upya, wala sioni aibu kusema hivyo.