Chai ya Shemeji

Dereva wa gari la mikate aliitwa Taratibu, jina alilobandikwa na wapakizi siku walipomwona akisimama kumpisha bata. Kwa hiyo asubuhi moja alipokwaruza ubavu wa gari kwenye nguzo ya geti la kiwanda, kope zimemlemea kama milango ya chuma, hakujilaumu. Mtu wa aina yake hasinzii hivihivi. Kuna mtu alikuwa akimsinziisha.

Wala hakutafuta mbali; kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo wa mkewe, mpakizi palepale, alikuwa amepata leseni majuzi, na tangu aipate alikuwa na adabu ya kutia shaka. Kila asubuhi alimletea chai. Na bosi alikwisha kutamka: kosa jingine, usukani unapata mwenyewe mwingine.

"Kunywa, shemeji, inapoa," akasema mpakizi huyo siku iliyofuata.

"Ya leo ina nini?"

"Majani na sukari."

"Na nani mwingine?"

"Maji, shemeji. Tumeyaalika na maji."

Mpakizi alipoinama kufunga kamba za viatu, Taratibu akabadilisha vikombe. Akanywa kile kisicho chake, akasindikizia kidonge chake cha kila asubuhi cha mafua, maana vumbi la unga lilikuwa limemkalia puani wiki nzima. Kisha akakaa kumngoja shemeji asinzie. Shemeji akapakia kreti zote huku akiimba.

Njiani, shemeji akiwa kiti cha pembeni, Taratibu alizinduliwa na kelele. Gari lilikuwa limepanda ukingo wa barabara, na mkono wa shemeji ulikuwa umeushika usukani. Chini ya tairi palikuwa na fagio lililovunjika. Mwenye fagio alikuwa mtaroni, mzima, akitaja ukoo wao wote.

Kitu kimoja tu kilimkaa Taratibu moyoni: mkono ule ulifikaje usukanini haraka vile, kama haukuwa ukingoja?

Waliporudi kiwandani, fundi wa mashine ya kukandia unga alikuwa akipiga chafya.

"Kaka, nigawie kidonge chako kimoja."

"Thubutu!" Taratibu akachomoa pakiti mfukoni. "Husomi? 'Huleta usingizi. Usiendeshe mitambo.' Wewe una mtambo huo hapo. Ukisinzia, kesho tunauza mikate yenye vidole."

Fundi akarudi nyuma. Shemeji akaweka kreti chini.

"Na wewe, shemeji, unaendesha nini?"

"Gari."

"Gari ni nini? Sufuria?"

"Mtambo umefungwa sakafuni! Gari ni gari. Wangetaka kusema gari, wangeandika gari."

"Ulimeza lini?"

"Pamoja na chai," akasema Taratibu, na sauti ikamfia njiani.

Akaisoma pakiti tena, akilitafuta neno gari hata kwenye mikunjo. Halikuwamo. Lililomjia ni lile fagio. Akachomoa ufunguo, akamkabidhi shemeji kwa ncha za vidole.

"Mpaka mafua yaishe. Hata siku moja zaidi, hapana."

Kesho yake alikaa kiti cha abiria, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo kila walipokaribia kona. Penye foleni shemeji akammiminia chai.

"Kunywa, shemeji. Leo hata ukilala, haina neno."

Taratibu akaitazama chai, akainusa, akamrudishia kikombe.

"Anza wewe."