Fundi Aliyelionea Wivu Dumu

Kwara, kwara, kwara. Ndani ya bomba kitu kinakwaruza kama kokoto kwenye kopo.

Fundi wa pampu amebandika ncha moja ya spana kwenye chuma, ya pili sikioni, macho ameyafumba. Ni saa mbili asubuhi, na kituo cha gesi kimejaa wageni wenye kofia mpya.

Sauti hiyo anaijua. Gesi na maji vinagandana kwa presha na baridi, vinakuwa barafu inayoweza kuziba bomba, hata kulipasua. Kwa miaka kumi na tisa ameizuia kwa metanoli, lita mia mbili kila siku. Metanoli ni sumu. Jicho lake la kushoto limebaki na ukungu.

Leo pipa lake limefungwa. Pembeni kuna dumu la dawa mpya inayojaribiwa leo, salama zaidi, lita nne tu kwa siku. Aliyeileta ni mkemia wa kampuni: mdogo wake wa tumbo moja.

"Nimembeba mgongoni huyu," fundi anamwambia mkewe, mpishi wa kituo. "Sasa picha yake imebandikwa getini, na mimi getini hapohapo naulizwa kitambulisho."

Mkewe anamcheka waziwazi. "Wenzangu waume zao wanawaonea wivu wao. Wangu anaonea wivu dumu!"

"Dumu halijanikosea," anamjibu. "Mwenye dumu ndiye."

Kwara, kwara. Akinyamaza, jaribio litafeli mbele ya wageni wote, na dawa itatupwa.

"Nilinyamaza," anakiri baadaye kwa mkewe. "Nilianza kuhesabu. Nikafika hamsini na tatu, na sikudanganyi, ilikuwa tamu."

Kisha anamwona mdogo wake akifuta miwani kwa pindo la shati, vilevile alivyokuwa akifuta kamasi utotoni.

"Funga valvu! Bomba linaziba!"

Wanashusha presha polepole. Fundi anafungua pampu. Dawa haina kosa: ni nzito kuliko metanoli, na chujio la zamani, lenye matundu madogo, limeikaba. Anaweka chujio lingine. Kufikia saa sita, spana haisikii kitu ila gesi ikipita.

Mdogo wake anamsogelea. "Kaka, chujio ulilijua?"

"Nililijua tangu jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza, bwana mkubwa? Miaka kumi na tisa niko hapa!"

Mkemia anainamisha kichwa. "Nisamehe. Nilikuja na karatasi, nikakusahau wewe."

Fundi anasugua jicho lake bovu. Daktari amemwambia la kulia litanusurika akiachana na metanoli. Jicho hilo analitaka. Ana binti wa miaka sita, na anataka kumwona akikua.

Anamshika mdogo wake bega, wageni wakisikia.

"Wivu haujaniisha, usijidanganye. Lakini nakuahidi: nikisikia bomba linakwaruza tena, utanisikia kabla sijahesabu moja."