Majani ya Mkunazi wa Doha

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, mwisho wa kiangazi cha Doha, joto lilipoanza kulegea na watu wakathubutu kutoka nje. Nilikuwa msichana wa mapokezi katika hoteli moja ya West Bay, viatu vya kisigino miguuni na Kiarabu cha kuokoteza mdomoni, najiona nimefika. Usicheke, nawe una siku zako.

Chumba changu, mtaa wa Al Mansoura, nilikipanga pamoja na Bi Mwanaidi, mama wa Tanga aliyefua mashuka katika hoteli hiyohiyo. Wakati ule nywele zilikuwa zikinikatika vibaya. Watu walisema ni yale maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kila asubuhi nikizikuta juu ya mto nalia kama niliyefiwa. Bi Mwanaidi akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Kule bustanini nimeuona mkunazi. Twende tukatembee, tupate na majani, nikuoshe kichwa kama tunavyooshana kwetu."

Tukaenda. Sijausahau utulivu ule: nyasi zimemwagiwa maji, shomoro wanaoga penye mpira wa maji uliotoboka, na Bi Mwanaidi anatembea polepole, ananionyesha miti anayoijua na kuitania asiyoijua. Moyo wangu ulikuwa umetua kabisa.

Tulipoufikia mkunazi akakunja pindo la kanga, akaanza kuokota majani na kuchuma ya matawi ya chini. Hapo ndipo wakatokea wenzangu wawili wa mapokezi, Wakenya, wamependeza kwelikweli. Mara mlinzi wa bustani naye akaja mbio, "Mamnu! Mamnu!" huku akionyesha kibao cha kukataza kuchuma. Bi Mwanaidi Kiarabu hakukijua. Akanigeukia: "Zuhura, mwambie basi ni ya dawa."

Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Ala! Kwani unajua huyo mathe?"

"Simjui," nikasema.

Nilisema kwa sauti, mwanangu, naye akanisikia. Na nilijua fika kwamba majani yale yalikuwa ya kichwa changu mwenyewe. Nikaondoka na wenzangu, nikicheka bila cha kuchekea, huku nyuma mlinzi akimwamuru ayamwage chini.

Jioni nikarudi na uongo wangu nimeshautayarisha. Nikamkuta ameketi sakafuni, bakuli mbele yake, majani yameshapondwa na povu limesimama. Konzi moja alikuwa ameifunga kifundoni mwa kanga, mlinzi asiione. "Njoo," akasema. Nikainama, maana kumtazama sikuweza. Akaniosha taratibu, mpaka uongo ule ukanishinda. "Bi Mwanaidi, nisamehe."

Akamimina maji. "Kichwa hiki mimi nakijua," akasema, "hata kama mwenyewe hanijui."

Laiti angenizaba kofi! Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilioshwa ningali hai, na mwosha wangu hakumsimulia mtu hata mmoja. Nywele zilirudi zikajaa. Lakini hadi leo, mtu mzima nilivyo, nikishika kitana naona haya.

Sasa wewe unafunga sanduku lako. Huko uendako utapata marafiki wazuri wa kupiga nao picha, na sikukatazi. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Siku atakapokuita mbele za watu yule anayekutunza, kanga imempauka na mikono inanuka sabuni, itika. Itika upesi, kabla hujapata nafasi ya kufikiri watu watasemaje, kwani mimi ni hapo nilipopotea. Na akikaripiwa, nenda kasimame ubavuni pake, hata kama huna la kusema.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ugenini mtu wa kukuosha kichwa, na siku utakayoulizwa habari zake, akufungue ulimi useme, "Namjua. Huyu ni wangu."