Kiwiko na Kuku wa Mama Mkwe

Ukitaka kumwona rafiki yangu kwenye picha, itabidi utazame vizuri. Iko santuri moja ya zamani, jalada lake limeshapauka, ina picha ya mwimbaji amesimama katikati na suti nyeupe, mkono kifuani, macho juu kama anayehesabu mabati ya paa. Kulia kwake, pale picha inapokwisha, kuna kiwiko. Kiwiko tu, mwenyewe hayumo. Huyo ndiye rafiki yangu. Watu wa mtaani walipoiona ile picha walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi likamtoka, akawa Kiwiko. Hata mkewe humwita hivyo akiwa amefurahi. Akikasirika humwita "bwana."

Mimi nilikuwa na chumba cha kupiga pasi, kimepakana ukuta na studio alikofanyia kazi. Nilisoma kidogo, na kuandika kwangu ni kwa kuvutavuta, lakini masikio hayaendi shule, na kwa miaka mingi nilizisikia nyimbo kabla hazijawa nyimbo. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kama ahadi ya mlevi. Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wa studio, mimi huku natakiwa niache kugongesha pasi mezani. Nikijisahau, fundi mitambo anagonga ukuta kwa mpini wa fagio. Kuna wimbo mmoja, sitautaja, ukifika ubeti wa pili utasikia "du." Watu hudhani ni ngoma. Ni mimi, nilikuwa kwenye kola ya shati la karani mmoja aliyekuwa na haraka.

Tumwache karani. Nilikuwa namsema Kiwiko.

Waimbaji walikuja pale na nyimbo zikiwa uchi. Mtu ana maneno na sauti yake, basi, mengine yote atajua Mungu na Kiwiko. Naye alikaa na gitaa kwenye stuli pembeni, nyuma yake magunia yaliyopigiliwa ukutani kumeza mwangwi, feni imezimwa isisikike, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Alisikiliza mara ya kwanza kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Mara ya pili aligusa nyuzi mbili tatu. Mara ya tatu wimbo umeshavaa, umechana nywele, uko tayari kutoka.

Nilichompendea ni adabu ya gitaa lake. Halikumkatiza mtu maneno. Mwimbaji akisema, lenyewe linaitikia "ehe," kama mgeni mwema. Mwimbaji akivuta pumzi, linapita upesi katikati, linaondoka kabla hajarudi. Nyimbo ngapi alizipiga hata mwenyewe hajui, na nyingi mnaziimba mpaka leo mkifua nguo, lakini jina lake halikuandikwa popote. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi.

"Pasi," akaniambia, maana mimi nami nina jina langu la mtaani, "chumvi ikionekana kwenye mchuzi, mpishi amekosea."

Sasa nifike kwenye wimbo wenyewe, ule wa "Rudi Kabla ya Giza." Nani asiyeujua? Na nani akisikia ule mwanzo wake, gitaa peke yake, hageuzi shingo? Kwa huo mwanzo watu wameposa, wamerudiana, wamesameheana mambo ambayo mimi nisingesamehe. Mwimbaji, Mungu amlaze pema, aliwaambia watu wa magazeti kwamba aliuota usingizini. Kiwiko akamwachia. Ukweli tulikuwa tunaujua watu watatu tu: yeye, mkewe na mimi.

Wakati ule Kiwiko alikuwa anamtaka mkewe huyu wa sasa, na mama wa binti hataki hata kusikia. Mama huyo alifuga kuku nyuma ya nyumba na kuwalea watoto wake kwa mayai, peke yake, wala hakuogopa mtu. "Mwanangu haolewi na sanduku lenye nyuzi," alisema. "Likinyeshewa, watakula nini?" Alikuwa na sauti ya ajabu ya kuwaita kuku wake. Jioni ikisikika, watoto wa mtaa mzima wanamwigiza kutoka juu ya kuta, naye anavua ndala na kuwafukuza, na shabaha yake ilikuwa nzuri. Jambo hilo lilimuuma kweli. Alikuwa mtu mzima, halafu anachekwa kila jua linapozama.

Kiwiko alipokwenda mara ya tatu kuomba, alikalishwa kwenye kiti kando ya dirisha na kuachwa hapo makusudi, hata maji hakupewa. Mama akatoka uani kuita kuku. Ile sauti ilianzia chini, ikapanda upesi ngazi tatu, ikasimama pale juu kidogo kama inayotazama barabara, halafu ikateremka taratibu. Kiwiko akafumba macho. Posa ilikataliwa tena, akaondoka, lakini hakuondoka mikono mitupu.

Kesho yake mwimbaji akaja studio na wimbo wake wa mapenzi. Ulikuwa mzuri, ila ulianza kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Walijaribu hivi, wakajaribu vile. Mimi huku nimeshachoka kungojea ile taa izimike, nguo za watu zinanitazama. Ndipo nikasikia gitaa peke yake likipanda ngazi tatu, likasimama, likateremka. Kisha fundi mitambo: "Rudia hiyo! Usibadilishe kitu, rudia hiyo hiyo!"

Mchumba wake alipousikia redioni alishika mdomo. "Huyo ni mama!"

"Nyamaza."

"Huyo ni mama anaita kuku!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikakatika ghafla. "Wee! Akijua atasema umejiunga na wale watoto. Tena wewe umemwigiza nchi nzima isikie."

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Kiwiko alikwenda mara ya nne kwa kujikaza tu. Suruali yake niliipiga pasi mimi, mkunjo wake ungeweza kukatia mkate. Ajabu, mama alimpokea mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Waambie wazee wako waje." Mtaa ulishangaa mwezi mzima. Mimi sikushangaa, na tangu hapo kila aliyeniletea suruali alisimuliwa habari ya ile suruali.

Basi wakaoana, wakazaa, wakazeeka, na siri ikazeeka nao. Wimbo ukianza mahali mama mkwe alipo, mke wa Kiwiko anapatwa na kikohozi, au kifuniko cha sufuria kinamponyoka. Mama alipoingia uzeeni na kuhamia kwao, akaja na kuku wake, na redio ya sebuleni ikawa na mlinzi. Kiwiko mwenyewe hakuwahi kuupiga ule mwanzo ndani ya nyumba yake. Mtu ana nyimbo hata za kumwaga, na ule ulio bora kuliko zote anaumeza kama kidonge.

Halafu mwaka huu ikaja simu. Binti mmoja mtangazaji, mwenye sauti ya kucheka, anataka kufanya kipindi cha kumshukuru. Atakuja nyumbani, watakaa uani, kitarushwa moja kwa moja. "Babu, tumecheza muziki wako maisha yetu yote bila kukwambia asante," akamwambia. "Na wasikilizaji wana swali moja tu, wote hilo hilo. Ule mwanzo wa 'Rudi Kabla ya Giza,' ulitoka wapi?"

Kiwiko akaja kwangu siku hiyo hiyo. Alikaa kwenye kiti akishika kofia yake.

"Pasi, nitasema nini? Nikisema marehemu aliuota, nitakuwa nimemwibia yule mama mara mbili. Nikisema kweli, nimemvua nguo mbele ya watu, na analala chumba cha pili. Yule mama amenivumilia. Nimekula mayai yake. Sitaki afe akidhani nilimcheka."

"Sema ulisikia ndege."

"Kuku ni ndege."

"Basi hujadanganya."

Hakucheka. Hapo nikajua jambo ni zito.

Walijaribu kumhamisha mama siku ya kipindi, apelekwe kwa mjukuu akapumzike. Akagoma. "Nyumba inapata wageni, mimi nifukuzwe kama moshi? Nitakaa hapa hapa." Macho yake yamepungua, lakini masikio yanasikia hata sukari ikiyeyuka. Akaletewa kiti uani, akavaa sweta lake la kijivu, akatulia.

Binti akaja na kijana wake wa mitambo, nyaya zikatandazwa. Mazungumzo yalianza vizuri. Kiwiko alieleza habari za magunia na feni, akasimulia hata ile "du" yangu, nikapewa kipaza sauti nimsalimie yule karani kama yuko hai. Tulicheka. Kisha binti akajisogeza.

"Babu, sasa lile swali letu. Marehemu alituambia aliuota ule mwanzo. Wewe uliyeupiga unasemaje?"

Kiwiko akakaza ufunguo wa gitaa ambao haukuwa umelegea. Mkewe alisimama kwenye mlango wa jiko, kifuniko mkononi.

"Hakuuota," akasema. "Nilimsikia mtu akiita."

"Akimwita nani?"

"Akiwaita... wa kwake. Warudi nyumbani."

"Watoto wake?"

Kiwiko akamtazama mama mkwe, akatazama mikono yake mwenyewe. "Mwanangu, ngoja niupige kwanza. Nikimaliza nitakwambia."

Akapiga. Mara ya kwanza katika nyumba ile. Vidole vimekakamaa siku hizi, lakini gitaa lilipanda ngazi zake tatu, likasimama pale juu, na kabla halijateremka, tetea mweusi akachomoza nyuma ya pipa la maji, shingo mbele, mbio. Nyuma yake mwingine. Halafu wote, kutoka chini ya karo la kufulia, kutoka kwenye kuni, mbawa wazi, wakapita juu ya nyaya, wakamzunguka Kiwiko miguuni wakimtazama usoni. Jogoo akapanda juu ya sanduku la mitambo.

"Jamani!" binti akapandisha miguu kitini. "Wasikilizaji, tumevamiwa!"

Kifuniko kikamponyoka mke wa Kiwiko, safari hii bila kukusudia. Nchi nzima ilikisikia.

"Umewaita, sasa walishe," mama mkwe akasema. Akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa mahindi. "Kuku hadanganywi."

"Mama..."

"Mama nini? Ulidhani mimi kiziwi? Wimbo huo ulipotoka, redio yangu ilikuwa dirishani. Nikakuta kuku wote wamejaa sebuleni wanaitazama redio. Nikawafukuza. Kesho yake tena. Nikasema, kumbe! Kumbe yule kijana pale kitini hakuwa amelala."

Binti akauliza, polepole, "Na hukukasirika, bibi?"

"Nilikasirika, kwa nini nisikasirike? Nilivua ndala nikamngojea. Halafu nikausikiliza tena, na tena. Wale watoto waliniigiza ili niumie. Huyu hakuniigiza. Huyu alinisikia." Akamrushia tetea mweusi punje. "Nikasema, mwanamume anayekaa akamsikiliza mwanamke anaita kuku mpaka asipoteze hata pumzi moja, huyu mwanangu akimwita ataitika. Ndiyo maana alipokuja nikamwambia alete wazee."

"Si ile suruali?" nikaropoka.

"Suruali gani?"

Kuna mambo ni heri yaishe hivyo.

"Miaka yote nangojea aniambie mwenyewe," mama akaendelea. "Nikasema labda ananiogopa."

"Nilikuwa nakuogopa, mama," Kiwiko akasema. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Vizuri. Endelea."

Binti hakuweza kufunga kipindi kwa utaratibu, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na jogoo bado yuko juu ya sanduku. Alimwomba mama aite mwenyewe, kama zamani. Mama akakohoa kidogo, akaita. Sauti ina mikwaruzo sasa, lakini ngazi zote tatu zilikuwapo. Kiwiko alisubiri mpaka alipovuta pumzi, akapita hapo katikati na gitaa, akamwachia njia. Kama kawaida yake.

Siku hizi nikienda kwao jioni nakuta mambo yamebadilika. Mama mkwe hainuki tena kitini. Anasema tu, "Mkwe, niitie kuku," na Kiwiko anatoka na gitaa, anakaa kizingitini. Redio imeachishwa ulinzi. Kuku wanakuja wote, isipokuwa mmoja asiye na mkia, ambaye anabaki juu ya ukuta anatazama upande mwingine.

"Unakosea pale mwisho," mama akamwambia juzi. "Unaacha inaning'inia. Mimi naishusha mpaka chini kabisa."

"Mama, watu wote wameuzoea hivyo."

"Watu, ndiyo. Mwulize huyo asiye na mkia."

Kiwiko akarudia, akaishusha mpaka chini. Yule kuku akageuza kichwa, akafikiri, akabaki pale pale. Basi rafiki yangu akaegemeza gitaa mlangoni, akaenda ukutani kumchukua kwa mikono.