Tawi Tupu la Silangani

Kila mwaka, joto linapokazana kabla ya mvua za masika, ndege mmoja mdogo huja kuimba kwenye ua wangu wa minyaa. Wimbo wake mwembamba huanzia juu, kisha huteremka polepole kama mtoto aliyetumwa dukani na hataki kufika. Nikiusikia tu, napata harufu ya tope la silanga, lile bwawa la kwetu, likikauka, na mkono wangu wa kulia, pamoja na uzee huu, unaanza kutafuta kombeo.

Nisiwadanganye, mimi si mtu wa kutembea. Ukiondoa shule ya bweni, ambako nilipelekwa nikilia, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwetu Mbumbuni hadi Salama, na nilitapika kwenda na kurudi. Huyo ndege, mwepesi kuliko ganda la hindi, huvuka majangwa. Mimi hata sokoni natuma mtu.

Habari za majangwa nilizipata kwa Mjomba Nzioka, mtoto wa mwisho wa Susu, nyanya yangu. Mjomba alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi, kikohozi, na kamera ya sanduku. Miaka yote aliyokuwa huko, kigoda chake cha miguu mitatu kilikaa kando ya moto bila mtu. Nilikikalia mara moja tu. Susu alinitandika kwa mwiko wa ugali, nikahamia chini. Nilidhani anakipenda sana kile kigoda.

Filamu ilikuwa ya picha nane. Saba ziliisha siku ya kwanza: chifu, fahali wa chifu, dada zake Mjomba waliokataa kabisa kucheka. Ya nane Mjomba akamwekea ndege wa silangani.

"Una wazimu wewe," Susu akamwambia. "Niko hapa na meno yangu yote, nawe unaenda kupiga picha mwizi wa mawele?"

"Mama, huyu hali mawele. Anakula wadudu."

"Wote husema hivyo."

"Mvua ikinyesha ataondoka. Na mimi Jumatatu naenda kazini Mombasa."

Susu akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Chifu alikuwa amekataza mbuzi kufika silangani, kwa hiyo matete yalikuwa yamesimama marefu, na ndege wakajaa humo. Shamba la Susu lilipakana na maji. Mpakani ndipo ulipokuwa ulingo wangu, jukwaa la miti nilikosimama kutwa nikiwinga ndege kwa kombeo na kelele. Kelele ndiyo iliyokuwa kipaji changu.

"Mwende," Mjomba akaniita kwa jina asubuhi ya Jumapili, "leo usipige kelele. Nikivua kofia tu, basi, lia upendavyo."

Akaketi chini ya ulingo, sanduku likitazama tawi moja la mgunga lililoinamia maji.

Kumbe sikuwahi kuona shamba lile likiwa kimya. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama maziwa yaliyomwagika bila mtu kugombezwa. Tete likatikisika, likatulia, likatikisika tena. Wakaanza kutokea mmoja mmoja, vifua vya manjano hafifu, hawana haraka, kana kwamba mimi ndiye mgeni na wao ndio wenye nyumba. Nikasahau mawele, nikasahau hata miguu yangu. Kisha yule mdogo akatua kwenye tawi, akainua kidevu, akaanza kuimba. Mjomba akaacha kupumua. Ndege akatikisa bawa.

Sikukusudia. Tangu nijue kutembea, bawa likitikisika mdomo wangu hufunguka wenyewe.

"Haiyaaaa!"

Kidole cha Mjomba kikabonyeza. Silanga nzima ikaruka angani. Na kutoka upande wa pili wa shamba, Susu akapaza sauti kwa fahari: "Eee! Huyo ndiye mjukuu wangu! Wakimbize!"

Nilikuwa nalia. Mjomba akanitazama, akaokota kofia iliyomwanguka. "Burma tulikuhitaji sana," akasema.

Picha zilitufikia kwa barua akiwa tayari Mombasa. Ya nane ilionyesha maji na tawi, tawi lenyewe bado limepinda. Nyuma Mjomba alikuwa ameandika: Ameondoka sasa hivi. Binamu zangu walicheka hadi wakakaa chini. "Mjomba amepiga picha fimbo!"

Susu akaichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Aliiangalia muda mrefu kuliko alivyoiangalia ile ya binti zake.

"Anaonekana," akasema.

Akaichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kile kigoda, ambacho kilikuwa kimerudi kukaa bila mtu. Nami nikacheka, nikijua macho yake yameanza kuzeeka.

Ilinibidi nizae, niwasindikize wanangu mmoja mmoja hadi barabarani, nirudi kupakua chakula na kukuta nimetoa sahani nyingi mno, ndipo nielewe. Macho ya Susu hayakuwa na kasoro yoyote. Yalikuwa na mazoezi ya kumwona aliyeondoka.

Picha ninayo. Na ndege akianza kuimba kwenye minyaa, siku hizi naziba mdomo kwa mikono miwili.