Igowole wanalifuata jua, Matilda analikimbia

Saa tatu asubuhi, ukungu unaanza kuachia Igowole, wilayani Mufindi. Kwenye kitalu cha miche ya paina, wanawake sita wanainua vigoda vyao na kusogea palipopiga jua. Wa saba anainua chake na kwenda upande wa pili, kivulini, ambako nyasi bado zina umande.

"We Matilda, baridi itakuua huko!" anamtania Apolonia, rafiki yake wa miaka mingi.

"Bora baridi. Hilo jua lenu oteni wenyewe!" anajibu, na wote wanacheka.

Matilda ana miaka 39, ni mama wa watoto watatu, na ana ualbino. Kazi yake ni kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Zamani alijaza elfu moja kwa siku. Sasa, vidole vikiwa vimekufa ganzi huko kivulini, akifikisha viriba mia saba anashukuru.

Baridi ya Julai huku haina utani, na kuota jua ni desturi ya kila nyumba. Naye aliota kama wengine, kofia kaiacha nyumbani.

"Nilijua jua baya ni lile la Ruaha Mbuyuni, la kutoa jasho," anasema. "La huku, ukungu kila siku. Nikaona litanichoma nini?"

Krismasi ya mwaka juzi kikatokea kidonda juu ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama. Kikakauka, kikabanduka, kikatoa damu, kikaanza upya. Akawa anafungua kapsuli za rangi mbili na kukinyunyizia unga wake, kama wafanyavyo wengi mtaani. Miezi minane alijidanganya hivyo, na inauma kumsikia akisimulia.

Agosti mwaka jana alimpeleka mwanawe wa mwisho kliniki. Muuguzi, Frida, alipomaliza kumpima mtoto akamgeukia mama na kutazama sikio.

"Mama, hiki kina muda gani?"

"Toka Krismasi."

"Kidonda kisichopona mwezi mzima si cha kuwekea unga. Na kwa ngozi yako, usingoje hata huo mwezi."

Akamwandikia rufaa siku hiyohiyo. Hospitalini walikata kipande kidogo cha nyama wakakipima: saratani ya ngozi, ya aina inayowapata sana watu wenye ualbino. Bahati nzuri ilikuwa haijasambaa. Wakamchoma sindano ya ganzi, wakaondoa kidonda pamoja na kipande cha sikio kilichokizunguka, wakashona.

"Nililia njia nzima kurudi," anasema. "Si kwa ajili ya sikio. Kichwani nilikuwa nimeshawagawa watoto, huyu kwa dada, huyu kwa bibi yake."

Siku hizi anavaa kofia pana hata kwenye ukungu, anapaka mafuta ya kukinga jua, na kila miezi mitatu anarudi kukaguliwa. Mwezi uliopita daktari alimwambia ngozi ni safi. Kinachomsumbua ni upweke, maana umbea wote uko kule juani.

Ukimuuliza mipango yake, anasema anao mmoja tu.

"Nataka kuzeeka. Bibi mwenye ngozi kama yangu, hapa Igowole sijawahi kumwona hata mmoja. Nataka wamwone."