Kinyonga wa Madam na Mkebe wa Kumbikumbi

Mimi ndiye fundi niliyemjengea Madam Nafula, mwalimu hapa Kitale, kizimba cha waya cha kinyonga wake. Nilipanda maua na vichaka ndani hadi kinyonga mwenyewe haonekani. Madam aliposafiri Bungoma, aliniachia mkebe wa kumbikumbi nimlishe. Lakini kwetu kinyonga haguswi, na mlango huo sikuthubutu kuufungua. Kumbikumbi nao hawatupwi. Nikala.

Jana akapiga simu. "Fundi, amekula?"

"Amemaliza wote, madam. Hata tumbo limejaa."

"Na si mzee wangu alimchukua juzi akaniletea huku Bungoma? Ako hapa kwa bega yangu. Sasa kumbikumbi wamemalizwa na nani?"

Nilitaka kujibu, lakini mdomo ulikuwa bado umejaa.